Safari ya Jangwani Iliyopangwa Uvira

Mdogo wangu aliniomba nimpangie safari ya jangwani asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nimekaa barazani kwetu Rugenge, mtaa wa Uvira hapa Congo, nachambua ndagala za mchana, dagaa wa ziwa letu. Kwake ilikuwa bado Ijumaa jioni. Anakaa Tucson, katika jimbo la Arizona huko Amerika, na saa zetu zimepishana kiasi kwamba mimi nikiamka, yeye anavua viatu vya kazi. Kwa hiyo tumezoea kuongea alfajiri yangu na jioni yake, yeye akila, mimi nikiwa na kazi fulani ndogo mkononi.

"Yaya," akaniambia, kwa maana mimi ndiye mkubwa wake, "wamenipa konje ya juma moja ku kazi. Batoto nao watakuwa mu vakansi. Nataka niwapeleke waone hii inchi. Tangu wazaliwe wanajua kanisa, masomo na duka. Basi."

"Ni vizuri. Uwapeleke."

"Minye sijui kupanga. Weye njo mwalimu wa jeografia. Unipangie."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Mtu anakaa katikati ya jangwa, anamwomba dada yake aliye kando ya ziwa, ambaye hajawahi kukanyaga jangwa lolote, amwonyeshe njia ya kulitembelea. Lakini hakuwa anatania. Aliniambia anataka kuona lile korongo kubwa ambalo dunia nzima inalijua, na milima myekundu iliyo njiani kabla ya kulifikia. Mwalimu wa kijana wake alikuwa ameuliza darasani ni nani ameshafika kule, na watoto wote wakanyosha mikono isipokuwa wa kwake.

"Na tutembee kidogo kwa miguu," akaongeza.

Hapo niliacha ndagala. Mdogo wangu hatembei kwa miguu, na sisi wa nyumbani tunajua sababu.

Vita ilipofika kwetu alikuwa kijana wa sekondari, hata ndevu hazijaota. Siku hiyo alikuwa Katogota, kwa mjomba wetu mwenye mashamba ya mpunga, na mimi na mama tulikuwa mjini. Barabara ikakatika, hakuweza kuturudia. Alivuka uwanda wa Ruzizi kwa miguu pamoja na watu asiowajua, akavuka mto, akaingia Burundi, na kutoka huko akatembea tena mpaka akaingia kambi moja ya Tanzania akiwa hana viatu. Sisi tulikaa muda mrefu bila kujua kama yu hai. Kambini ndiko alikokua, ndiko alikooa, na kutoka huko Amerika ikawapokea yeye na mke wake. Kitu cha kwanza alichonunua kule, kabla ya kitanda, ni gari kuukuu. Mke wake husema anapanda gari hata kwenda duka ambalo mlango wake unaonekana kutoka dirishani kwao. Alipokuja kutusalimia mara moja, alipanda pikipiki kutoka kwetu hadi kanisani, mwendo ambao mama yetu huutembea huku anaimba. Tulipomuuliza, alisema: "Kutembea nilishamaliza."

Kwa hiyo nikamuuliza: "Weye mwenyewe utatembea?"

Nikasikia kijiko kikigonga sahani.

"Kama ni weye umepanga," akasema, "nitajaribu."

Nimefundisha jeografia kwa miaka mingi. Kila mwaka tukifika kwenye somo la jangwa nachora ubaoni vilima vya mchanga, ngamia mmoja na mitende mitatu kando ya kisima, wanafunzi wanachora nao, tunaenda mbele. Jumamosi ile nilikwenda mtaa wa Kimanga kununua mega za intaneti, nikakaa na simu mpaka betri ikaisha, nikagundua kwamba jangwa la mdogo wangu halikufanana na mchoro wangu hata kidogo. Lina miti. Lina maua. Lina milima mirefu kama yetu yenye misitu ya misonobari juu yake, na korongo lenyewe liko kwenye uwanda wa juu sana, kimo cha vijiji vyetu vya Haut-Plateau ambako watu hulala na blanketi mbili. Nilifurahi kama mtoto. Nilijiambia kwamba safari hii nitaipanga vizuri kuliko watu wa wakala wowote.

Mpango wangu wa kwanza ulimchekesha mdogo wangu mpaka akakohoa. Umbali wa kutoka Tucson hadi kwenye korongo unauzidi ule wa kutoka Uvira hadi Kalemie, basi nilikuwa nimeweka siku mbili za barabarani na siku moja ya akiba ya pane, gari likiharibika.

"Yaya, hapa ni lami," akasema. "Ukitoka asubuhi, unakula kule mchana."

"Na matope?"

"Haiko matope. Haiko barière ya askari. Ni kwenda tu."

Nikaondoa siku zile tatu, nikazijaza kwa kutembea. Siku ya kwanza wabaki karibu na kwao, kwenye ile miti mirefu ya miiba inayosimama kama watu walionyosha mikono. Ya pili walale kwenye milima myekundu. Ya tatu na ya nne, korongo. Nilitaka ramani kubwa ya kuangalia mambo yote mara moja, nikaenda kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la fotokopi pale Kimanga, ambaye mababu zake walifika ziwani na biashara za zamani na hawakurudi. Aliichapa kwa rangi katika karatasi nne, tukaziunganisha kwa utepe juu ya meza yake. Alivaa miwani, akaiangalia kwa muda.

"Mwalimu, hii inchi haina ziwa?"

"Iko na mto, mzee. Huu hapa."

"Na hii mistari mizito yote pembeni ya mto?"

"Ni kuta. Mto umechimba mpaka chini kabisa. Watu wanasimama juu, wanauona kama uzi."

Akavua miwani. "Na ni mdogo wako anaenda kuangalia?"

"Ni yeye. Minye njo napanga."

Mzee yule aliniomba ruhusa ya kujichapia nakala moja, akaibandika karibu na mlango wa duka lake. Kabla ya juma kuisha, watu walikuwa wananisimamisha njiani wakiniuliza safari imefika wapi. Mwanafunzi wangu wa zamani, anayeuza vocha za simu kando ya duka lile, alikuwa anawaeleza wateja kwamba Madame anapanga safari ya Amerika kutoka hapa hapa. Sikumsahihisha, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Nakala yangu niliitundika sebuleni. Mama, ambaye hakusoma sana lakini hupenda kuelezwa, aliletewa kiti mbele yake. Nilimwonyesha kila mahali kwa kidole.

"Maji iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha mstari wa bluu chini kabisa.

"Na bo watatembea wapi?"

"Hapa juu. Wataingia kidogo, halafu watarudi."

"Sasa watakunywa nini?"

Nilikuwa nimesoma kwamba njia niliyoichagua ina vibanda viwili vya kupumzikia na bomba la maji. Kwa sababu ya swali lake nikasoma tena vizuri, nikakuta kwamba bomba lile hufungwa wakati wa baridi lisije likapasuka kwa barafu, na safari yetu ilikuwa mwezi wa tatu, kabla halijafunguliwa. Nikabadilisha mpango, kila mtu abebe maji yake yote tangu juu. Nilimwambia mama, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo, akarudi kwenye sombe yake ya majani ya mihogo.

Jambo moja lilinisumbua kuliko mengine. Mlima, unaupanda ukiwa na nguvu na unashuka umechoka. Korongo ni kinyume chake. Unashuka asubuhi ukiwa mzima, ukijisifu, na kupanda kunakungoja mwisho, jua likiwa kali. Niliandikiana na mdogo wangu juu ya jambo hilo, lakini niliona kwamba naongea vitu vya kusoma tu. Nilitaka kujua kwa magoti yangu. Mama mdogo, mdogo wake mama yetu, anakaa juu ya mji, kwenye kilima ambacho ukisimama kwake unaona mabati yote ya Uvira chini yako. Nikaenda kulala kwake siku moja ya mapumziko, na asubuhi nikajifunga kitenge juu ya suruali, nikachukua chupa mbili za maji.

"Unashuka kununua nini?" akaniuliza.

"Sinunui kitu, mama mdogo."

"Sasa unashuka kufanya nini?"

"Nishuke, kisha nipande tena."

Alinigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono kuona kama nina homa.

Njiani ilikuwa vivyo hivyo. Wanawake waliokuwa wanashuka na mihogo walinisalimu, wakaniona sina mzigo, wakapunguza mwendo. "Madame, kuko msiba kwenu?" Nikasema hapana, natembea tu. Mmoja akaniambia pole hata hivyo. Nilifika ziwani, nikanawa uso, nikageuka. Kurudi kulichukua zaidi ya mara mbili ya kushuka. Mahali fulani katikati nilikaa juu ya jiwe, nimeishiwa pumzi, nikawafikiria watoto wale ambao hawajawahi kupanda kitu zaidi ya ngazi za shule. Hapo hapo niliamua kwamba wasifike kibanda cha pili kama nilivyokuwa nimeandika. Waishie cha kwanza, wale, warudi.

Nilipofika juu nilikuta bugali na maharage vimefunikwa. Mama mdogo alinitazama nikila.

"Haya, umeona nini?"

Nikamwambia nimeliona ziwa lote, toka bandari ya Kalundu mpaka kule linakoishia kwenye mdomo wa Ruzizi, na Burundi ng'ambo, na boti ndogo kama mbegu. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, nikamwambia, na nilikuwa sijawahi kulikalia chini na kuliangalia toka huku juu.

Akafikiri. "Hata minye," akasema. "Kila siku ya soko ninapitaka pale, na mizigo iko ku kichwa. Haunaga nafasi ya kugeuza shingo."

Tulitoka nje sote wawili, akiwa bado na mwiko mkononi, tukaangalia.

Nilikuwa na mpango mzuri sasa, lakini sikuwa na wasafiri wote. Binti wa mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa amekataa. Alitaka wakae hoteli yenye bwawa la kuogelea. Niliomba nipewe niongee naye. Kiswahili chake ni kile cha wazazi wake, kinapanda na kushuka, lakini tunaelewana.

"Tantine, kule haiko network," akaniambia mimi shangazi yake.

"Juu iko. Nimeangalia."

"Na papa hata hawezi. Papa ni mvivu wa kutembea. Tutafika, atakaa mu gari."

Sikupenda neno hilo. Nikamuuliza kama anajua sababu gani baba yake hatembei. Akasema hajui, ndivyo alivyo tu. Nikaona kwamba watoto hawajaelezwa, na kwamba labda baba yao hangeweza kuwaeleza yeye mwenyewe. Nilimweleza taratibu: Katogota, uwanda, mto, miguu isiyo na viatu, kambi. Sikuongeza chumvi, wala sikupunguza kitu.

"Alikuwa na miaka ngapi?" akauliza.

"Kama yako."

Kisha akasema: "Nitumie ile ramani, tantine. Nitatembea mbele."

Nilimweleza mdogo wangu kesho yake nilichomwambia binti yake, maana sikutaka kumficha. Akavuta pumzi. "Ni vizuri umesema weye," akaniambia. "Minye nilikuwa naanzaka, maneno yanakwama."

Wakaondoka. Siku ile ya kwanza simu yangu haikupumzika. Kijana wa mdogo wangu alinitumia picha yake akiwa amesimama chini ya mmoja wa ile miti ya miiba, mti wenyewe unamzidi mara sita. Aliniuliza katika ujumbe wa sauti kama ni ule ule aliouona kwenye picha za kwetu, ule mti usio na majani wenye maziwa makali tunaoupanda kuwa ua wa mashamba kule uwandani. Nikamjibu kwamba inafanana lakini si ndugu. Kila mmoja ulikulia kwenye ukame wake, na ukame ukaifundisha umbo moja. Akajibu kwa neno moja la Kiingereza ambalo nadhani lilikuwa la furaha.

Siku ya pili ilikuja picha ya shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, amevaa kitenge cha njano mbele ya ukuta wa mwamba mwekundu kama matofali yaliyotoka tanurini. Mama aliomba picha ile ikuzwe mpaka aone uso. Alisema shemeji amenenepa, na kwamba amependeza.

Siku ya tatu, kwetu ikiwa jioni na jua limeshajificha nyuma ya milima, mdogo wangu alipiga simu yenyewe, si ujumbe.

"Yaya, ulisema jangwa."

"Ndiyo."

"Hapa iko theluji."

Nilikuwa nimemwambia wachukue makoti mazito. Tulibishana sana juu ya makoti yale. Alisema hakuna mtu anayebeba koti kwenda jangwani, watu watawacheka, na mimi nikamwambia kimo ni kimo, jangwa au siyo jangwa. Sasa walikuwa wameyavaa wote wanne, wamesimama kwenye ukingo, na pembeni yao watalii wengine walikuwa wanatetemeka na vikaptula vyao. Lazima niseme ukweli: kwa muda kidogo nilijiona mkubwa sana. Barafu ya njiani ndiyo sikuifikiria. Mlinzi wa mbuga aliwaambia mwanzo wa njia unateleza, wakakodi vyuma vya kufunga chini ya viatu.

"Mushuke basi," nikamwambia. "Wakati umefika."

Nikasikia upepo, na watu wakipita wakiongea lugha nyingi.

"Bibi yangu na batoto wamefika mwanzo wa njia," akasema, akimaanisha mke wake na watoto. "Wananingoja. Yaya, miguu inakataa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimesimama tu, inakataa. Naona watu wanashuka na mifuko ku mgongo, wamefuatana, moja moja. Sawa vile siku ile."

Mama alikuwa ameketi karibu, anasikia kila kitu kwa sababu simu yangu ina sauti kubwa. Akanyosha mkono, nikampa.

"Mwanangu," akamwambia, "siku ile hakuna muntu wako aliyekuwa mbele yako. Leo mbele yako atatembea nani?"

"Ni mutoto wangu wa kike."

"Na nyuma?"

"Bibi yangu, na ule mdogo."

"Basi uingie katikati yao. Ukichoka, ukae. Hakuna anayewafukuza."

Akanirudishia simu. Nilimwambia mdogo wangu kwamba si mbali kuna mahali njia inapita ndani ya tundu la mwamba, kama mlango. Afike pale tu. Akitoka upande wa pili na bado miguu inakataa, arudi kwenye gari, na hakuna atakayesema neno. Akasema sawa. Kisha simu ikanyamaza, kwa maana chini ya ukingo hakuna mtandao, na hilo pia lilikuwa kwenye mpango.

Mama alisali kwa sauti ya chini, akaenda kulala mapema kuliko kawaida yake. Mimi nilisahihisha kazi za wanafunzi, na nadhani nilikuwa mpole mno kwenye alama.

Alfajiri nilikuta ujumbe. Wa kwanza ulikuwa video, na aliyekuwa anaichukua ni shemeji yangu, kwa sababu sauti ya kuhema ilikuwa yake. Mbele kabisa alionekana msichana na ramani yangu imekunjwa mkononi. Anasimama kila kona, anageuka, anamngoja baba yake. Hasemi kitu, anangoja tu. Mdogo wangu anashuka nyuma yake pole pole, mkono mmoja ukutani, koti limefungwa mpaka kidevuni. Wanaingia kwenye tundu la mwamba, wanatoka upande wa pili, na hapo jua likampiga usoni. Alisimama. Niliiona kwenye kioo kidogo cha simu nafasi ile yote iliyofunguka mbele yake, kuta juu ya kuta, nyekundu na njano na kijivu, mpaka macho yanachoka. Msichana alimuuliza kitu kwa Kiingereza. Baba yake akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa kidevu kule mbele. Wakaendelea.

Ujumbe wa pili ulikuwa sauti yake mwenyewe.

"Yaya, tumefika mu kile kibanda. Tumekula. Mayai, mikate, na ile karanga. Mwenye kukaa karibu yetu alikuwa mzee wa kizungu, amekuja na bibi yake, wametupatia chokoleti. Mutoto wa kike alitaka tuendelee mpaka chini ku mto. Nikamwambia tantine amepanga turudi hapa, na hapa tutarudi. Akanuna kidogo. Kurudi ilikuwa ngumu, sitakudanganya. Tulikaa, tukapanda, tukakaa. Kuko vijana wenye nguvu tuliwakuta wamekaa chini, maji imewaisha. Tuliwapatia. Yetu ilikuwa imebaki."

Akavuta pumzi, kisha akaendelea, na sauti yake ikabadilika.

"Nilikuwa nawaza: kutembea na hauna mahali unaenda. Bantu wazima, wamelipia, wametoka mbali, wanatembea tu. Nilikuwa naona ni upumbafu. Yaya, leo nilitembea na sikuogopa. Umwambie mama."

Nilimwambia mama kwa kumchezea ujumbe mara tatu. Jumapili ile, kanisani, wakati wa shukrani, alisimama mbele ya kila mtu na kitambaa chake cheupe cha kichwa, akasema mwanawe aliyeondoka hapa mbio ameshuka kwenye bonde kubwa kuliko yote na ametoka mzima, na kwamba njia ilichorwa nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Nilitazama chini, lakini nilikuwa nimenyosha mgongo.

Nilifundisha jangwa upya mwaka huo. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya mtoto chini ya mti wa miiba, na ya makoti kwenye theluji, na nikawaomba waniambie ni kwa nini. Mmoja aliuliza kama ngamia wameshakufa wote. Tulicheka, tukafungua vitabu.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Lakini mdogo wangu alisimulia kwenye kanisa lao, ambako Wakongo wa Tucson hukutana. Wengi wao ni watu wa pande zetu, wa Uvira na Fizi, walioondoka kwa miguu kama yeye na wakaapa kama yeye kwamba kutembea wameshamaliza. Kina mama wazee hasa walimsikiliza. Baada ya juma moja nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamke anayeomba kwa heshima sana: Madame, tumesikia unapangaka safari, tunaomba utupangie na siye, lakini iwe njia fupi, magoti yetu si ya kijana. Nikawapangia njia moja karibu na mji wao, kati ya ile miti ya miiba, yenye kivuli mwanzoni na mabenchi, waitembee Jumamosi asubuhi kabla jua halijapanda.

Walikwenda, na wakaenda tena, na sasa wanakwenda karibu kila Jumamosi majira yakiruhusu. Mdogo wangu ndiye anayewaongoza. Alinitumia picha yao ya hivi karibuni: safu ndefu ya vitenge kwenye njia ya vumbi, chupa za maji mikononi, mama mmoja amebeba mfuko wake kichwani kwa sababu anasema mgongoni haujui kukaa. Aliniambia siku hiyo mlinzi wa mbuga, kijana mpole, aliwasikia wanaimba, akamjia kumuuliza watu wake wametoka nchi gani.

"Nikamwambia Congo," akasema mdogo wangu. "Akauliza upande gani. Nikamwambia Uvira. Akasema haijui. Basi nikasimama naye, nikamchorea na fimbo mu mavumbi: ziwa hapa, milima hapa, mto unaingia hapa, kwetu ni hapa. Aliuliza maulizo mingi. Nilipoangalia, bamama walikuwa wamenipita, wameshafika kule mbele ku kona. Ikabidi nikimbie niwafikie."